Siga Zilizokunywa Maji

Mume wangu alipopelekwa Mogadishu kulinda amani, mimi nilipoteza uwezo wa kukaa. Sisemi kukaa kwa raha. Nasema kukaa tu, mtu akaweka makalio kwenye kiti akayaacha hapo. Nikirudi kutoka kazini naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, nakunja nguo zilizokunjwa, nafagia ua uliofagiwa asubuhi. Nikimaliza naanza upya. Majirani zetu wa mtaa wa Kyebando, ambao ni Waganda, walidhani ndivyo Wakenya tulivyo, watu wa kazi. Baba mkwe, ambaye tulikuwa tukiishi naye, alikaa barazani na redio yake, akanitazama ninavyokuja na ufagio, halafu akainua miguu yote miwili ili nipite.

Alikuwa polisi mstaafu, mtu wa upande wa Arua, kule kaskazini-magharibi. Vita vya themanini na sita vilimkuta akiwa koplo. Waliochukua serikali walimwondoa kazini, baadaye wakamrudisha, akamalizia utumishi wake kama sajini wa kuandika majina ya mahabusu. Yeye ni Mwislamu, mimi nililelewa katika kanisa la Wakwekeri kule Bungoma, na mwanawe alikuwa ametuoa wote wawili, kama alivyopenda kusema kwa utani: mimi kwa cheti, babake kwa kumleta mjini baada ya mzee kufiwa na mkewe. Mzee hakuwahi kunipinga. Alikuwa tu hana maneno nami. Kwetu mke wa kijana na baba mkwe hawakai benchi moja, na kwao pia iko staha ya namna hiyo. Tulipotaka kuambiana kitu tulimpitishia mume wangu. Alipoondoka, maneno yakakosa njia.

Simu ya mume wangu ilikuwa ikija Jumapili, mimi nikishatoka kanisani. Dakika tano, sita, sauti ikichelewa kufika kama maji ya mfereji wa mwisho mtaani. Kisha ikaja Jumapili ambayo hakupiga. Ikaja ya pili. Ya tatu ilipopita, nilikuwa nimeacha kula mchana.

Sasa niseme kuhusu kazi. Nilikuwa nikiuza katika duka la mvinyo na siga, mjini, mtaa mmoja nyuma ya hoteli kubwa. Siga ni ile sigara nene iliyokunjwa kwa majani ya tumbaku matupu, haina karatasi, na moja inaweza kumkalisha mtu saa nzima. Wateja wetu walikuwa wanasheria, wakandarasi, wazungu wa mashirika, na wanajeshi wachache wenye vyeo. Mwenye duka alikuwa mama wa Kiganda mwenye miwani ya dhahabu, tuliyemwita Madamu. Aliniajiri kwa sababu najua hesabu na sinywi.

Siga zilikaa kwenye kabati la kioo lenye mbao za mwerezi ndani. Kabati hilo lilitunzwa kama mtoto. Siga ikikauka kabisa inapasuka, inaungua haraka na kuchoma ulimi, kwa hiyo chini ya kabati mlikuwa na trei ya sifongo ambayo mimi niliilowesha kwa maji yaliyochujwa. Mlangoni mwake mlikuwa na kipimo cha unyevu, kiduara kama uso wa saa, na mshale wake ulitakiwa usimame kwenye sabini. Madamu alinifundisha hayo siku ya kwanza.

"Ukiona sabini, wewe natia maji kidogo tu," aliniambia. "Ukiona chini ya sabini, natia mengi. Usiache sigala zangu nakauka. Hizo natoka mbali."

Mshale ulikuwa sabini kila siku. Nilitia maji kidogo. Lakini mume alipoondoka, mikono yangu ilitaka kazi, na duka lile halikuwa na kazi za kutosha. Nikawa natia asubuhi na jioni. Zile Jumapili tatu zilipopita bila simu, nilikuwa natia pia mchana. Kila nikitazama kipimo, sabini. Nikawa najisifu moyoni kwamba kuna jambo moja katika maisha yangu linalokaa mahali pake.

Jumatatu moja ya masika, mvua ikiwa imenyesha tangu alfajiri, Madamu aliingia na bahasha ya kaki akaimimina juu ya kaunta. Siga saba, zote zimeungua vibaya. Moja ilikuwa imeliwa na moto upande mmoja kama mtaro, upande wa pili bado mbichi. Nyingine ilikuwa imezimika baada ya nusu kidole. Zote zilikuwa nyeusi mdomoni, na zilinuka kama jiko lililomwagiwa maji.

"Watu ya hoteri naludisha hii," alisema. Hakuinua sauti, Madamu akikasirika sauti ilishuka. "Nasema moshi hapana pita. Nasema nawasha mala tano, mala sita. Wewe nafanya nini na sigala zangu?"

"Madamu, mimi natunza kama ulivyonionyesha. Tazama kipimo."

Alitazama. Sabini. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni lake refu la gomesi, akatazama tena.

"Jumamosi iko chakula ya mchana hapo hoteri," alisema. "Wageni ya mukubwa moja. Nataka thelathini. Kama hizo thelathini naungua kama hii saba, wewe naletea mimi ufunguo ya duka."

Alipoondoka nilifungua kabati, nikazibonyeza siga moja moja. Sikujua ninachotafuta. Zilikuwa laini, nzito, nzuri machoni. Nikachukua mbili kati ya zile zilizorudishwa, nikazifunga kwenye karatasi ya gazeti, nikaenda nazo nyumbani. Nadhani nilitaka tu kuzitazama mahali ambapo hapana Madamu.

Nilipofika niliziweka juu ya meza ya barazani ili nivue viatu vya matope. Nilipogeuka, mzee alikuwa amezima redio. Alikuwa ameshika siga moja. Aliisogeza sikioni akaisokota taratibu kati ya vidole, kama mtu anayesikiliza saa ya mkono. Akasokota, akasikiliza. Akaishusha.

"Hii nakunywa maji," alisema.

Nilisimama na kiatu kimoja mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwanawe aondoke kwamba alisema jambo ambalo halikuwa salamu wala shukrani ya chakula.

"Baba, unajua mambo ya siga?"

"Hii mimi sijui. Tumbaku najua." Aliigeuza, akaibonyeza kwa kidole gumba; palipobonyezwa pakabaki shimo. "Tazama. Kama iko sawa, narudi juu. Hii hairudi. Na ukisikiliza hapa, iko kimya. Tumbaku nzuri nasema kidogo. Hii iko kimya kama nguo ya kufua. Nani nalisha hii maji?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mara tatu."

Hakuuliza kwa nini. Aliiweka siga chini, akaanza kunieleza, macho yake yakiwa kwenye ua na si kwangu. Mama yake alilima tumbaku, na yeye alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye mabanda ya kukaushia majani. Jani likitoka bandani ni kavu, ukilishika linavunjika, kwa hiyo mlikuwa mkilitandaza nje alfajiri linywe umande kidogo ndipo likunjike. Lakini jani lililokunywa kupita kiasi haliungui. Moto unakuta maji, unatafuta njia nyingine, unapita upande wenye nafuu. Ndiyo maana siga inaungua upande mmoja.

"Kwa hiyo zimeharibika?" niliuliza.

"Hapana haribika. Nalewa tu. Toa nje ya hiyo nyumba ya maji, weka kwa sanduku ya mbao, kavu, siku mbili, siku tatu. Maji natoka polepole. Halafu navuta." Kisha akaongeza, "Lakini wacha peke yake. Hapana shika-shika."

Nilimwambia kwamba kipimo kinasema sabini. Akataka kujua kipimo ni nini. Nilipomweleza, aliifunga siga tena gazetini.

"Kesho mimi nakuja kuona hiyo saa," alisema.

Jumanne alikuja kweli. Alivaa koti lake refu la zamani la mvua, lile alilobaki nalo kutoka kazini, vifungo vimepigwa kiwi. Tulipanda bodaboda mbili tofauti, kwa kuwa hatukuweza kubanana kwenye moja, nami nikamlipa dereva wake amwendeshe polepole. Madamu alikuwa dukani. Alipomwona mzee wa koti la polisi akiingia nyuma yangu, alishika mkoba wake.

"Huyu ni baba mkwe wangu," nilisema. "Anajua tumbaku."

Mzee alimwamkia kwa heshima, akavua kofia. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akainama mbele ya kipimo. Alikitazama muda mrefu. Akafungua mlango wa kabati, akakisogelea, akakipulizia pumzi yake kama mtu anayetaka kusafisha kioo. Kioo kikafifia kwa mvuke. Mshale ukabaki sabini. Akakigonga kwa ukucha, mara moja, mara mbili. Sabini. Akakichomoa mahali pake, akaenda nacho hadi mlangoni, akakinyoosha nje kwenye mvua, akakirudisha ndani kikidondoka maji. Akamwonyesha Madamu.

"Hii ilikufa," alisema.

Madamu alikichukua, akakitikisa karibu na sikio. Nilimwona akipiga hesabu ya miezi kichwani. Alikuwa amekinunua pamoja na kabati.

"Nakufa lini?" aliuliza.

"Hiyo mimi sijui, mama. Labda nakuja hapa tayari maiti."

Nilitaka kucheka nikajizuia. Nilitaka pia kulia, kwa sababu jambo lile moja lililokuwa likikaa mahali pake lilikuwa halikai, lilikuwa limekwama. Na mimi nilikuwa nimelimwagia maji mara tatu kwa siku. Madamu hakuomba radhi na sikutegemea. Aliniambia tu nifanye atakavyosema mzee, akaenda zake benki.

Tulichagua siga thelathini na nane, ili zikiharibika chache bado tubaki na thelathini. Nilikuwa na masanduku matatu matupu ya mwerezi, yale ambayo siga husafirishiwa. Mzee aliyanusa, akayapangusa kwa kitambaa kikavu, akanionyesha jinsi ya kuzilaza kwa safu moja, zisipandane. Tukayaweka stoo, kwenye rafu ya juu, mbali na ukuta uliokuwa ukitoa jasho la mvua, vifuniko vimeachwa wazi upana wa kidole. Sifongo tuliitoa kabatini, nikaikamua. Yalitoka maji ya kujaza kikombe.

"Ijumaa mimi narudi," alisema. "Wewe fanya kazi ingine."

Kazi nyingine ilikuwa ipi? Jumatano mvua haikukatika. Wateja walikuwa wawili tu, na mmoja alitaka chenji. Nilipanga chupa za mvinyo kwa nchi, kisha kwa rangi, kisha nikazirudisha kwa nchi. Kila nusu saa nilikuwa stoo, juu ya kigoda, nikichungulia masanduku. Nilijaribu kusikiliza siga moja sikioni kama alivyofanya mzee, nikasikia moyo wangu mwenyewe. Nikaibonyeza. Shimo lilirudi nusu. Je, nusu inatosha? Mvua hii itaruhusu maji kutoka, au yatakuwa yanaingia? Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa aproni, na kila nilipoigusa ilikuwa haina kitu.

Saa saba mchana nilikata shauri. Nyuma ya friji ya bia, pale mota inapovuma, palikuwa na joto zuri, kavu. Nilichukua siga nane, nikazipanga juu ya trei ya bati, nikazisukuma pale. Nikajiambia nitazitazama baada ya nusu saa. Nilipotazama zilionekana vizuri, ngumu kidogo, nikafurahi, nikaziacha nusu saa nyingine. Kisha akaja mteja mwenye maneno mengi. Nilipozirudia, ngozi ya nje ilikuwa imepasuka kwenye siga sita kati ya nane, mipasuko mirefu kama ya kisigino. Jani la nje lilikuwa limekauka na kujivuta, wakati tumbo lilikuwa bado limejaa maji. Nilizishika, zikavunjika vipande mkononi.

Nilizitupa hizo sita, mbili nikazirudisha sandukuni, nikasafisha trei. Kisha nikafunga duka saa tisa, mapema kuliko ruhusa yangu, nikaenda nyumbani kumwambia mzee.

Hakuwepo. Redio ilikuwa barazani, imefunikwa kwa mfuko wa plastiki. Mama wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa akichambua mchicha mlangoni, alinitazama kwa mshangao wa kuniona saa ile.

"Mzee atarudi saa kumi na moja," alisema. "Hurudi kabla yako."

"Amekwenda wapi?"

"Si huwa anaenda kambini? Kila siku, ukishatoka wewe. Hata mvua inyeshe. Alisema nisikwambie, utahangaika, lakini si umeona mwenyewe."

Kambi ya jeshi aliyoisema haikuwa karibu. Kwa miguu ya mzee ni saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, na mlima njiani. Nilikaa barazani. Nasema nilikaa, ingawa baada ya dakika chache nilikuwa nimesimama langoni. Alitokea saa kumi na moja kasoro, koti limelowa hadi mabegani, akitembea katikati ya njia ili kukwepa matope ya pembeni. Aliponiona alipunguza mwendo. Nadhani alifikiri nimeletewa habari. Uso wake ulibadilika mpaka nikakimbia kumlaki, jambo ambalo mke wa kijana hafanyi.

"Hakuna habari, Baba," nilisema kabla hajauliza. "Hakuna. Nimefunga mapema tu."

Alisimama akivuta pumzi. Aliegemea ukuta wa jirani kwa mkono.

"Kwa geti iko askari moja," alisema mwishowe. "Kijana ya kwetu. Mimi nauliza yeye. Leo nasema wao nahama kutoka kambi ingine, nakwenda ingine, huko hakuna mtandao. Jana alisema hivyo. Juzi alisema hivyo."

"Na unamwamini?"

"Hapana." Alifuta uso kwa kiganja. "Lakini mimi naenda. Nikikaa hapa, kichwa nafanya kelele."

Tulirudi pamoja hadi barazani. Nikapika chai ya tangawizi. Siku hiyo tulikaa benchi moja, yeye mwisho ule, mimi mwisho huu, chupa ya chai katikati, na kama kulikuwa na staha tuliyoivunja hakuna aliyetuuliza. Nilimwambia kuhusu friji. Nilitegemea atanikaripia.

"Ngapi?"

"Sita zimepasuka. Mbili sijui."

"Mama yangu," alisema, "mwaka moja mvua nafanya hivi. Yeye nawasha moto mkubwa sana kwa banda, nataka majani nakauka upesi. Banda yote naungua. Sisi watoto nakimbia na matandiko." Akanywa chai. "Baba yangu hapana piga yeye. Alikaa chini tu, nacheka, nacheka. Mimi sikujua kwa nini. Wewe Mkenya, sita ni kidogo."

Alhamisi nilijifungia nje ya stoo yangu mwenyewe. Nilimpa Madamu ufunguo asubuhi nikamwomba asinirudishie hadi jioni. Alinitazama kama mtu asiyeelewa akautia mkobani. Siku ile niliosha madirisha ya duka ndani na nje, ilhali mvua ilikuwa ikiyaosha yenyewe.

Ijumaa mvua ilipumzika. Mzee alikuja saa nne, tukafungua masanduku. Alizipitia zote thelathini na mbili, moja baada ya nyingine, sikioni kisha kidoleni. Hakuwa na haraka. Nne alizitenga kando akasema bado. Zile nyingine alizirudisha ndani, akaondoka na moja hadi uani nyuma ya duka, ambako tulikuwa tunaweka kreti tupu. Madamu alitufuata.

"Hii lazima naona na moto," alisema mzee.

"Wewe navuta?" Madamu aliuliza.

"Niliacha. Kifua." Lakini aliikata kichwa kwa kisu chetu kidogo, akawasha njiti ndefu, akaishika siga mkononi akiuzungusha mwisho wake juu ya mwali bila kuugusa, mpaka ukingo wote ukawa mwekundu. Ndipo alipoitia mdomoni, akavuta mara mbili kwa mashavu tu, akauachia moshi utoke. Kisha akaiweka juu ya kreti, mwisho wenye moto ukining'inia hewani, nasi watatu tukaitazama kama watu wanaongoja maji yachemke.

Iliungua mviringo. Mstari mweusi ulisogea nyuma polepole, sawasawa pande zote, na majivu yakabaki nyuma yake, ya kijivu, yameshikana. Ilipotaka kuzimika mzee aliivuta tena mara moja. Nilihesabu kimoyomoyo. Majivu yalifika urefu wa kiungo cha kidole ndipo yakaanguka, kipande kimoja.

"Eee," alisema Madamu. Lilikuwa neno lake lote la siku ile.

Jumamosi nilikwenda hotelini na siga zetu ndani ya sanduku, kwa kuwa Madamu alitaka mtu wa duka azikate na kuziwasha. Siga nzuri zilikuwa ishirini na saba, na tukajazia kwa zile nne zilizotengwa, ambazo mzee alisema zitafaa kama zikitolewa mwisho. Wahudumu hawakuruhusiwa kuingia na simu ukumbini. Niliiacha yangu nyumbani, mikononi mwa mzee, nikamwonyesha kitufe cha kijani mara tatu. Alikasirika kidogo mara ya tatu.

Wageni walikula hadi saa tisa. Kisha wakatoka kwenye veranda inayotazama bustani, nami nikaanza kuzunguka na sanduku na njiti. Sikuwa nikiwatazama watu. Sikumbuki uso hata mmoja. Nilikuwa nikitazama ncha za siga: hii inaenda sawa, hii inaenda sawa, ile ya bwana mnene imeanza kuinama kushoto lakini ataigeuza, ameigeuza. Mbili katika zile nne za mwisho zilizimika. Mmoja aliniita niiwashe upya bila kulalamika, mwingine aliiacha kwenye kisahani akaendelea kuzungumza. Msimamizi wa hoteli alinipitia akasema kwa Kiswahili cha Nairobi, "Leo ziko poa, dada." Nikasema asante.

Nilifika Kyebando jua likiwa bado juu ya mapaa. Mzee alikuwa amesimama katikati ya ua, simu imeshikwa kwa mikono miwili mbele ya kifua.

"Alipiga," alisema.

Nilishika kamba ya nguo.

"Yuko mzima."

"Alisema nini?"

"Alisema yuko mzima."

"Na nini tena, Baba? Alisema nini tena?"

Alifikiri. Nilimwona akijitahidi, kama mtu anayetafuta kitu kizito ndani ya begi. "Mimi sikusikia yote. Nalia kidogo, sikusikia. Alisema wao nahama, hakuna mtandao. Alisema nasalimu wewe. Halafu simu nakatika."

Nilipaswa kushukuru tu, na nilishukuru, nilipiga magoti palepale kwenye ua. Lakini nitasema ukweli: pamoja na shukrani palikuwa na wivu mkali kama pilipili. Wiki nne nimebeba simu ile kama yai, nikalala nayo, nikaenda nayo chooni, na siku niliyoiacha ndiyo siku iliyolia. Nilimwonea mzee kijicho kwa sababu alikuwa ameisikia sauti. Nadhani aliliona hilo usoni mwangu, maana alinipa simu, akaingia ndani kuswali, na hakutoka haraka.

Baada ya hapo simu zilirudi, si kila Jumapili lakini zilirudi. Madamu alinunua kipimo kipya. Mzee alimwambia akifunge kwenye mfuko pamoja na kifuniko cha chupa chenye chumvi iliyoloweshwa, akiache usiku kucha, kisha aone kama kinasema sabini na tano. Alilisikia hilo kutoka kwa nani sijui, pengine kwa yule askari wa getini, aliyekuwa akijua kila kitu. Kilisema sabini na nne. Madamu akaridhika. Mimi nilibaki dukani miaka mitatu zaidi, na wateja wetu wazuri wakaanza kupiga simu siku mbili kabla, kuniambia niwatolee siga zao mapema zipumzike.

Mzee aliendelea kutembea hadi kambini. Sasa aliniaga kabla ya kutoka.

Mume wangu alirudi mwezi wa kumi na mbili. Walishushwa kwa malori mchana, na sisi tulikuwa tumesimama nje ya uzio tangu asubuhi, mzee upande mmoja wa geti, mimi upande wa pili, tukitafuta kichwa kimoja kati ya vichwa mia vilivyonyolewa sawa. Alikuwa amekonda, na amekuwa mweusi zaidi. Alimpigia babake saluti, kisha akamkumbatia. Mimi alinishika mkono kwa muda mrefu. Nyumbani alikula sahani tatu za kalo, ule ugali wa wimbi, na samaki, sisi tukimtazama kila tonge. Alipomaliza aliosha mikono, akakaa kwenye kochi, akainuka. Akaenda dirishani. Akakaa tena, akainuka.

"Nitoke kidogo," alisema. "Humu ndani siwezi."

Mzee alinitazama. Nilitafuta viatu vyangu chini ya meza, nikamfuata mume wangu njiani.